Nyimbo za 2019 na jibu la Baba

Mwaka 2019 ulianza bila intaneti. Ilikatwa tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ikarudi baada ya wiki karibu tatu. Kwa hiyo nyimbo zangu za kwanza za mwaka ule zilitoka kwa kijana mwenye kompyuta kando ya barabara, anayekutilia muziki ndani ya kadi ya simu bila kukuuliza sana unataka upi. Unafika nyumbani, unafungua, unakuta Koffi, nyimbo za kanisa, za Tanzania za miaka ya nyuma. Ndani ya kadi yangu kulikuwa pia na « Mabele » ya Simaro Lutumba. Sikuiomba.

Siku zile nilikuwa naandaa TFC juu ya maneno ya Kilingala yaliyoingia katika Kiswahili cha Lubumbashi. Mtu wa kwanza niliyemhoji ni Baba. Swali la nne: unasikia Kilingala? Alijibu hapana, bila kuinua macho, nami nikaandika hapana. Sikuwa na sababu ya kushuku. Maisha yangu yote nimemsikia akisema kwamba ile ni lugha ya kambi. Chini ya Mobutu Kilingala kilikuwa lugha ya jeshi, na wazee wengi wa hapa walikutana nacho kwanza mdomoni mwa askari. Majirani wanne wa umri wake walinijibu vilevile. Nikaandika ukurasa mzuri sana juu ya kizazi kilichofunga mlango. Niliupenda ukurasa ule kuliko yote.

Simaro alifariki Paris tarehe 30 Machi. Habari ilipotufikia, Baba aliniomba simu. Akapiga « Mabele » mara tatu mfululizo, sauti ya Sam Mangwana ikijaza lupango lote. Mimi, kwa mchezo tu, nikamwuliza wimbo unasema nini.

Alinifasiria mwanzo mpaka mwisho, taratibu, kwa Kiswahili chetu. Mabele ni udongo, alisema. Nikarudia neno. Akanirekebisha, kwa maana jinsi nilivyolitamka mimi, lilikuwa limegeuka matiti ya mwanamke! Nani hurekebisha matamshi ya lugha asiyoisikia?

« Baba, ulijifunzia wapi? »

« Pa bariere. Ukijibu Kiswahili, unalala pale. »

Hakuongeza kitu. Alinirudishia simu, akaingia ndani.

Tangu jioni ile sikusikiliza nyimbo za mwaka kama zamani. « Tetema » ya Rayvanny na Diamond ilinipita kwa miguu tu, na sioni aibu. Mwezi wa sita ikaja « Inama », Diamond akiwa na Fally Ipupa, na kwa kucheza sikupata bora kuliko hiyo. Jina lake halihitaji mkalimani hapa kwetu. Lakini wimbo ulionisumbua ni « Yope » ya Innoss'B, hasa ile ya mwezi wa tisa aliyoirudia na Diamond. Mtoto wa Goma, mji wa Kiswahili, anachagua jina la Kilingala; Kiswahili kinaletwa na mgeni kutoka Tanzania. Nilikasirika. Mwenzangu mmoja wa promosheni aliniambia ni mambo ya soko, Kinshasa ndiyo inayouza. Labda. Ila yule kijana hakusimamishwa na mtu yeyote njiani ili atamke neno lile. Alilichukua kwa sababu linachezeka. Hilo nililiona kwa kuchelewa, na bado sijui kama linanifurahisha au linaniumiza.

Siku moja, tukiwa mezani, mdogo wangu aliuliza: yope ni jina la mtu? Nilijua jibu, kila mtu wa umri wetu alilijua. Nilinyamaza makusudi. Mama alitazama sahani yake. Baba alitafuna, akameza, akasema: « Yo ni wewe. Pe ni pia. Wewe pia. » Kisha akaomba chumvi.

Ukurasa wangu mzuri ulikuwa umekufa. Maana kama Baba alinificha, na wale majirani wanne je? Swali langu liliuliza kama mtu anasikia lugha. Wao walijibu kama wanaikubali. Niliwarudia mmoja mmoja, safari hii bila karatasi, nikiwa na simu na nyimbo za zamani za OK Jazz. Wawili waliimba pamoja na simu. Wa tatu alicheka, akakataa kusema lolote. Wa nne, kweli, hakusikia kitu.

Baba nilimwacha mwisho. Nilimwonyesha jedwali, mstari wake, lile neno hapana, nikamwomba ruhusa ya kulibadilisha. Alivaa miwani, akasoma polepole, akaweka kidole juu ya karatasi.

« Andika: anasikia. Kusema, apana. »

Nikaandika hivyo.