Tini za Hezekia

Mtoto wetu wa mwisho alipokuwa na miaka mitatu, nilijifunza kuhesabu pumzi. Usiku mmoja mke wangu aliniamsha kwa kunigusa bega tu, bila neno, nami nikasikia kifua cha mtoto kikipiga miluzi kama birika linaloanza kuchemka chumba cha pili. Tukawasha taa. Alikuwa ameketi kitandani, mikono ameikaza juu ya magoti, na ngozi ya kati ya mbavu ikiingia ndani kila alipovuta hewa. Hakulia. Mtoto aliyebanwa na pumu hana hewa ya kulilia.

Tangu usiku ule tumelizoea benchi la wodi ya watoto na mngurumo wa nebulaiza. Daktari alitueleza kwa lugha rahisi. Njia za hewa za mtoto huyu zimevimba ndani hata siku anapocheza vizuri. Zikichokozwa na moshi, vumbi au mafua, misuli inayozizunguka hukaza, na makohozi huziba nafasi ndogo iliyobaki. Kwa hiyo alipewa dawa mbili za kuvuta. Moja hufungua kifua wakati amebanwa. Nyingine hutuliza ule uvimbe, nayo huvutwa kila siku, awe anaumwa au haumwi.

Awe anaumwa au haumwi. Hapo ndipo mimi, mchungaji, nilipoanguka.

Mwaka mmodi alikaa miezi minne bila kubanwa hata mara moja. Ilikuwa wiki ya maombi usharikani, na wazee wa kanisa walimwekea mikono. Jumapili iliyofuata nilisimama mimbarani nikashuhudia kwamba Bwana amemponya. Vigelegele vilijaa kanisani. Nilipofika nyumbani niliona aibu kumpa dawa mtoto niliyekwisha kutangaza kuwa mzima. Nikamwambia mke wangu tuiache.

Aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Baba, mimi nami nimeomba na nimeamini. Lakini miezi yote hii minne, si alikuwa anaivuta hiyo dawa?"

Sikumjibu. Niliiweka juu ya kabati.

Wiki ya tatu, alfajiri, alibanwa kuliko siku zote. Tulipofika hospitali midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Alipowekewa oksijeni nilisimama kando ya kitanda, na neno moja likanichoma: kwa wiki tatu nilidhani ninalinda heshima ya Mungu, kumbe nilikuwa ninalinda heshima ya mchungaji.

Habari ya mfalme Hezekia katika 2 Wafalme 20 niliisoma chuo cha theolojia kwa ajili ya mtihani. Usiku ule wodini niliisoma kama baba. Hezekia anaugua karibu ya kufa, anaomba kwa machozi, na Mungu anamjibu kwamba ameyasikia maombi yake na atamwongezea miaka 15. Ningekuwa mimi, ibada ingeishia hapo. Lakini Isaya anaagiza tini ziletwe, ziwekwe juu ya jipu, na mfalme anapona. Mungu alikuwa amekwisha kusema ndiyo, na bado tini zikaletwa. Wala hatusomi kwamba Hezekia alizikataa ili aonekane na imani kubwa zaidi.

Martin Luther naye, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, aliwaandikia Wakristo kwamba waombe na pia watumie dawa. Kwake, mtu anayeidharau dawa aliyoiweka Mungu hamtumaini Mungu, bali anamjaribu.

Mtoto alipopata nafuu nilirudi mimbarani nikawaambia waumini nilichofanya. Haikuwa rahisi. Baada ya ibada bibi mmoja alinisubiri mlangoni. "Mchungaji, mimi nina mjukuu. Pampu tunayo, lakini watu wanasema mtoto akiizoea hataweza kuiacha. Basi nimeificha." Nilimweleza nilivyoelezwa mimi: anayeivuta kila siku si mtumwa wa dawa, ni mgonjwa anayetunzwa. Aliondoka kwa haraka kuelekea nyumbani. Ushuhuda wangu wa kwanza ulileta vigelegele. Huu wa pili huenda ulimfikishia mtoto mmoja dawa yake.

Sasa mwanangu ana miaka saba, na pumu yake bado ni kali. Dawa imeongezwa, lakini bado anabanwa. Daktari bingwa ametueleza kuhusu sindano iitwayo omalizumabu. Huizuia kingamwili ya mzio isiamshe ule uvimbe, nayo huruhusiwa kwa baadhi ya watoto wa kuanzia miaka sita ambao pumu yao ni kali na inatokana na mzio. Huchomwa kila baada ya wiki mbili au nne. Haiondoi ugonjwa, huweza kupunguza kubanwa.

Nilitaka aanze siku hiyohiyo. Badala yake daktari alimwambia mtoto, "Hebu nionyeshe unavyovuta dawa yako." Akaitazama chupa yetu ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili pampu iingie na mtoto avutie mdomoni mwa chupa. Chupa ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwetu: tulikuwa tunapuliza mara mbili kwa mkupuo, na hatukuitikisa pampu. Kisha akauliza juu ya jiko la kuni. Akasema dawa mpya haifai kujengwa juu ya msingi uliolegea.

Tumeurekebisha msingi. Tumehamia jiko la gesi, na mazulia tumeyatoa. Mwezi ujao tutarudi kupima damu, ndipo tujue kama sindano inamfaa. Gharama yake imeuzidi mbali mshahara wangu. Wazee wa kanisa wamesema wako tayari kuchangisha, nami nimegundua kwamba kupokea ni kugumu kuliko kuhubiri juu ya kutoa. Nimewaambia tusubiri majibu. Sikusema hapana.

Sijui tutaamua nini. Ninajua vishawishi viwili vinavyonisubiri: kuigeuza sindano kuwa mungu wangu, au kuikataa na kuuita woga wangu imani. Yule baba wa Marko 9 alimletea Yesu mtoto wake na imani iliyochanganyika na mashaka, na hakufukuzwa. Nami ninakwenda hivyo hivyo.

Juzi mtoto aliniuliza, "Baba, Mungu hakasiriki nikivuta dawa?" Nikamuuliza kama Mungu hukasirika akila ugali. Akacheka. Nikamkumbusha lile ombi la nne ambalo kila mwanakipaimara hujifunza: Luther, akieleza mkate wa kila siku katika Katekisimo Ndogo, aliitaja na afya.

Siku hizi tunaibariki dawa kama tunavyokibariki chakula. Mtoto anaitikisa pampu mwenyewe, ninapuliza mara moja, anavuta polepole huku nikihesabu, kisha tunarudia. Anasukutua maji, anatema, ndipo anasema Amina.