Sahani 100 za PostgreSQL

Najua nimepotea wiki mbili, UE zinakaribia na projekti ya mwaka wa mwisho imetukaba koo. Leo siongelei boom (bado halijaingia, msiulize). Naongelea koneksheni za databesi, maana nusura zitutoe roho.

Mfumo wetu ni wa kujiandikisha vipindi vya maabara. Django juu, PostgreSQL chini, kiseva cha kukodi chenye RAM ya GB 1. Ijumaa tuliomba darasa zima litujaribie, watu kama 120, wote wabonyeze kwa pamoja. Dakika haikuisha, simu zote zinaonyesha kosa la 500. Kwenye logi PostgreSQL inasema samahani, wateja wamejaa. Duh! Mwalimu anayetusimamia alikuwepo. Hakusema neno, akaandika tu kwenye daftari lake.

Kundi likagawanyika palepale. Mmoja anataka tuhamie fremuweki nyingine, na zimebaki siku 12. Mwingine anasema max_connections ni 100, tupandishe hadi 1000 tukalale. Hapo nikagoma. Kwenye PostgreSQL kila koneksheni ni prosesi yake kamili upande wa seva, na inakula memori. Kiseva chetu kingekata pumzi kabla hakijafika hata nusu.

Chukulia mama ntilie ana sahani 100. Zikiisha, kabla hajakimbilia sokoni kununua nyingine 900, si aangalie kwanza nani amemaliza kula na bado amekumbatia sahani tupu?

Jumamosi tukarudia jaribio kwa skripti. Kizuri ni kwamba katika zile 100, PostgreSQL huweka kando 3 kwa ajili ya superuser, kwa hiyo hata ikijaa mwenye nyumba anaingia. Nikaingia, nikaisoma pg_stat_activity. Idle, idle, idle, mpaka chini. Koneksheni zimefunguliwa na hazifanyi kitu!

Sasa Django yenyewe haina neno. Kila thredi ina koneksheni yake, inafunguliwa ukigusa databesi mara ya kwanza, na CONN_MAX_AGE ikiachwa 0 kama inavyokuja, inafungwa ombi likiisha. Gunicorn yetu ina worka 3, basi zingekuwa 3. Nyingine zimetoka wapi?

SMS. Mwenzetu mmoja alipanga kila anayejiandikisha afunguliwe thredi ya pembeni: isome namba ya simu kwenye databesi, iite huduma ya SMS, isubiri jibu. Wazo si baya, mtu asigande kwenye ukurasa. Ila thredi ya pembeni nayo inafungua koneksheni yake, na Django ikimaliza ombi inafunga ile ya thredi ya ombi tu. Huduma ya SMS ilikuwa inajivuta karibu dakika nzima, na muda wote huo sahani iko mkononi.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: connection.close() baada ya kusoma namba, kabla ya kuita SMS. Skripti ileile, maombi yaleyale 120, koneksheni hazikuvuka 9. Tukapiga kelele mpaka watu wa kimbweta cha jirani wakatugeukia, teh teh.

Kuna aliyeuliza kwa nini tusitumie pool, maana tangu toleo la 5.1 la Agosti 2024 Django inayo ya kwake kwa PostgreSQL (ukiiwasha, CONN_MAX_AGE lazima ibaki 0). Ni nzuri, lakini kwa ugonjwa wetu isingetibu. Zile thredi zingeshika koneksheni za pool vilevile, wengine wangepanga foleni mpaka muda uishe. Mimi naona dawa kamili ni SMS ziwekwe kwenye foleni na worka mmoja azitume taratibu. Hiyo tunaifanya wikiendi hii umeme ukiruhusu.

Tunawasilisha Jumatano ijayo. Tumekubaliana sehemu ya koneksheni ataieleza yuleyule aliyeandika ile thredi. Amekesha nayo siku mbili, sasa hivi anaijua kuliko sisi wote.