Jumla au rejareja?

Kwa harusi ya mdogo wangu tulihitaji vyetezo vidogo 40 vya kuwagaia wageni. AliExpress unanunua hata kimoja, kwa bei ya rejareja. Alibaba ni ya jumla: kila kimoja rahisi zaidi, ila muuzaji alitaka oda isiyopungua 200. Tamaa ikaniingia, nikaagiza 200. Pesa? Mahari ya mdogo wangu, aliyoniachia amana. Nikajisemea, vitakavyobaki nitauza, nitarudisha kabla hajajua. Mpaka leo vyetezo 130 viko chini ya kitanda changu, nami namlipa kidogo kidogo. Alhamdulillah amenisamehe. Bibi harusi, hesabu wageni kwanza, kisha uliza pesa ni ya nani. Rejareja kwa pesa yako ni bora kuliko jumla kwa pesa ya mwenzio.