Wimbo Nao Una Fundi Wake



Sisi ni wanawake watatu wenye vyerehani vinne na ovaloki moja, Mwanakwerekwe. Tunashona nguo za harusi: gauni la kuolewa, la hina, la kuingilia ukumbini, sare za mashoga na za mama wa biharusi. Msimu ukiingia tunakesha, na ukikesha na sindano bila ya kitu cha kusikiliza utasinzia juu ya kitambaa cha watu. Asubuhi tunafungua kwa Qur-ani. Baadaye, kazi ikipamba moto, tunaweka nyimbo. Biharusi anakuja kupimwa, anasikia sauti, anauliza, "Huyu nani? Mbona simjui?" Mwaka huu wameuliza wengi, ndipo tukaona tuwaandikie na nyie wengine. Lakini kabla ya kuwatajia waimbaji wetu, tuna kosa letu la kusimulia.

Mwezi wa Shaabani alikuja dada mmoja na kitambaa cha kijani cha satini. Alitaka gauni la heshima, refu, mikono mipana kidogo, la kuvaa mbele za watu. Tukawa tunampima. Simu yetu ilikuwa imeunganishwa na spika pale dirishani, na msichana wetu wa kwenye ovaloki alikuwa akiufuatisha wimbo uliokuwa ukipigwa, neno kwa neno. Yule dada akanyamaza, kisha akatabasamu. "Huo mmeupata wapi?"

Tukamwambia tulirushiwa.

"Hata mimi nilirushiwa," akasema. "Na ni wangu."

Tulicheka sote. Kumbe ni yeye! Ameutunga mwenyewe, ameulipia studio mwenyewe kwa fedha za kuuza mandazi na sambusa, na siku moja akatumiwa na mtu asiyemjua, kama zawadi. Kwenye simu yetu wimbo ule haukuwa na jina lake. Uliandikwa "Audio" na namba. Tulikuwa nao karibu miaka miwili.

Tukamaliza kupima, tukataja bei. Akaomba alipe kwa mafungu mawili, nusu siku ile na nusu akishamaliza shughuli yake. Sisi tuna kibao ukutani kinachosema hapa hakuna mkopo, na mmoja wetu akamwonyesha kile kibao. Alikisoma, akafungua pochi, akahesabu noti za elfu moja moja mpaka zikatimia. Akashukuru, akaenda zake.

Usiku, tunakunja kazi, mkubwa wetu akasema, "Hivi ile video ya nguo zetu tuliyoirusha mwaka jana, tuliiwekea wimbo gani?"

Hakuna aliyemjibu. Ulikuwa ule ule. Ile video ilituletea wateja mpaka wa Pemba, oda kumi na moja kwa msimu mmoja. Tumekula kwa sauti yake, tumelipa kodi ya pango kwa sauti yake, na yeye tumemwonyesha kibao.

Nyie mnaojua kazi ya mikono mtatuelewa. Kila siku tunagombana na watu wanaosema, "Aa, fundi, si kupiga mstari tu?" Hawaoni kupima, kukata, kufumua na kurudia, wala macho yanayouma kwa kushonea shanga usiku. Mtu akichukua mshono wetu akaupeleka kwa fundi mwengine bila hata kututaja, tunaumia wiki nzima. Na mwimbaji naye ana kupima na kukata kwake. Ametunga, amefuta, ametunga tena. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Sisi tulikuwa tunaisema hadithi hiyo kwa wateja wetu wasiolipa, tukasahau kwamba na sisi ni wateja wa mtu.

Bibi yetu Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikuwa akiuza vyungu mjini kabla hajajulikana kwa kuimba. Mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay kurikodi santuri. Aliyenunua santuri yake alijua anamsikiliza nani. Leo tuna simu zenye nyimbo mia tano na hatujui majina ya waimbaji watano. Bora yule bibi wa kurambaza gramafoni.

Tunajua wapo miongoni mwenu wasiosikiliza ala kabisa, na hatubishani nao. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika jambo hili, nasi si watu wa kutoa fatwa. Tumesoma skuli na kozi ya ushoni. Tunachokijua ni kwamba siku ya Idi wasichana wawili waliimba nyumbani kwa Bibi Aisha (R.A.), Sayyidna Abubakar akataka kuwakataza, na Mtume (S.A.W.) akasema waachwe, kwa kuwa ni siku ya sikukuu. Na dufu kwenye harusi ni jambo linalojulikana. Sisi katika kazi yetu tumejiwekea mipaka mitatu: maneno yasiwe ya matusi wala ya kumsimanga mtu, adhana ikisikika spika inazimwa, na wimbo usitupite sala. Kila mmoja na amsikilize shekhe anayemwamini.

Sasa waimbaji wenyewe. Hatukuwachagua kwa umaarufu. Wengi wao hutawasikia kwenye kumbi za harusi, na hilo ndilo lililotufanya tuwatafute.

Wa kwanza ni wa hapa hapa kwetu, Siti Amina. Anaimba na anapiga udi, chombo ambacho zamani ungemwona nacho mwanamme tu. Yeye na wenzake wa kundi la Siti and the Band walikutana katika chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy hapa Mji Mkongwe. Albamu yao, Fusing the Roots, ilitoka mwaka 2018. Ni taarabu, lakini imefumwa na mambo mengine, kama kanga uliyoishonea lisi. Sikilizeni wimbo wao unaoitwa Nielewe, wa mwanamke anayeteswa ndani ya ndoa na anayetaka asikilizwe. Kuna biharusi mmoja alituambia, "Huo si wa harusi." Kweli, kwa ukumbini hapana. Lakini usikilize wewe na mama yako kabla ya kuolewa, mzungumze. Tumeshona magauni mengi ya watu ambao hakuna aliyezungumza nao.

Wa pili ni jirani yetu wa Ngazija, Nawal. Anajitungia, anaimba na kupiga gambusi na gitaa, na mtindo wake unatoka katika dhikri za kisufi alizokulia nazo. Tafuteni albamu zake Kweli ya mwaka 2001 na Aman ya mwaka 2007. Anaimba kwa Kingazija, Kiarabu, Kifaransa na Kiingereza, na ile lugha ya Visiwa vya Ngazija ukiisikiliza vizuri utajikuta unaelewa neno moja katika kila matatu, kama unamsikia shangazi anazungumza chumba cha pili. Nawal tunamweka usiku wa manane, tukishonea shanga. Anatuliza moyo. Biharusi mwenye wahka, tunamwekea huyu wakati anajaribu gauni.

Wa tatu yuko mbali, Malaysia, anaitwa Yuna. Kwao si mgeni, lakini hapa kwetu kila tunayemtajia anauliza ni nani. Anavaa hijabu na vilemba vizuri kweli kweli, na sisi mafundi tulimjua kwa vilemba kabla ya sauti. Alisomea sheria, akawa anatunga nyimbo zake na gitaa lake na kuzitia mwenyewe kwenye intaneti, mpaka dunia ikamsikia. Aliwahi pia kufungua duka la nguo na wenzake, kwa hivyo tunamhesabu ni mwenzetu. Si kaswida, tusidanganyane. Ni nyimbo za mapenzi na maisha, kwa Kimalei na Kiingereza. Tunampenda kwa sababu hakulazimika kujivua kitu ili asikilizwe. Msichana wetu wa ovaloki alipomwona alisema, "Kumbe inawezekana." Neno hilo tu lilitutosha.

Wa nne ni kwa wale wasiotaka ala. Dawud Wharnsby, Mkanada, aliyekuwa mwimbaji kabla hajasilimu mwaka 1993. Baada ya hapo akatunga nyimbo nyingi za dini kwa sauti na ngoma tu, maneno mepesi ambayo hata mtoto anayashika. Ni Kiingereza, lakini cha polepole. Watoto wetu wakija dukani kutoka skuli, ndiye tunayewawekea, na imewasaidia Kiingereza kuliko tulivyotarajia.

Na kwa siku yenyewe ya harusi, kwa mwenye kutaka taarabu ya wanawake watupu ili kina mama wajifunue na wacheze kwa raha zao, lipo kundi la Tausi, alilolianzisha Bi Mariam Hamdani. Wanawake ndio wanaopiga, kuanzia fidla mpaka kanuni. Huna haja ya kuwauliza wageni wako wajifunike kwa sababu mpiga kinanda ni mwanamme.

Dada, ukishampenda mwimbaji mdogo, usiishie kumrusha kwenye makundi ya simu. Sisi tunafanya hivi siku hizi. Kwanza tunatafuta jina lake na ukurasa wake mwenyewe, tunamsikiliza pale, ili hata ile senti yake impate. Ukiwezekana kununuliwa wimbo, tunaununua. Mara nyingi haufiki bei ya soda na chipsi. Tukimtajia mteja, tunamtaja kwa jina.

Na wewe biharusi, ukimwita mwimbaji aje akuimbie, patana naye bei mapema, mlipe nusu kabla na nusu siku ile ile kabla hajatoka ukumbini. Kutunzwa ni furaha ya wageni, si mshahara wake. Tumeona keki ya laki tatu na mwimbaji anarudishwa nyumbani kwa bodaboda na sahani ya pilau. Pia muulize kama anaruhusu kurikodiwa. Wengine wanakubali kuimba kwenye shughuli za wanawake kwa sababu tu ni za wanawake. Amekuja amejipamba, nywele wazi, ameamini ukumbi wako. Ukimpiga video na kuirusha, umemvua ushungi mbele ya mji mzima, na dhambi hiyo haitakuwa yake. Weka mtu mlangoni wa kukusanya simu. Wageni watanuna nusu saa, halafu watacheza.

Tumalizie na yule dada wa satini ya kijani.

Siku ya pili tulimpigia simu tukamwambia ukweli wote, na ile video, na zile oda kumi na moja. Tulikuwa tumekubaliana tumrudishie fedha zake na tumwombe radhi. Alinyamaza muda mrefu mpaka tukadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Fedha zangu msinirudishie kama sadaka. Mimi si maskini wenu. Nilipeni kazi yangu."

Maneno yalituchoma, lakini alikuwa na haki. Ni maneno yale yale tunayowaambia watu sisi. Tukakaa naye siku nyengine, tukapatana kama watu wa biashara: ushoni wa gauni lile na la pili, na fedha kidogo juu yake, kwa muda wote tuliotumia wimbo wake. Video tukaitoa, tukaitia upya na jina lake. Jina hilo hapa hatulitaji, kwa sababu hakutaka kusimuliwa habari za mfuko wake, nasi tumemkosea mara moja, inatosha. Aliondoka na gauni lake kwenye mfuko. Hatuwezi kusema tumekuwa mashoga. Tunasalimiana, na anatutumia wateja.

Kibao cha ukutani bado kipo, maana bila ya hicho tungefunga duka. Lakini siku hizi, kabla ya kumwonyesha mtu, tunajiuliza kwanza kama sisi wenyewe hatudaiwi naye.

Msimu huu tuna magauni tisa mezani. Juzi biharusi mmoja alikuja kujaribu la hina, akasikia Nawal, akakaa chini na pini zote mwilini, hataki kuinuka mpaka uishe. Tulimwandikia jina kwenye karatasi ya vipimo, chini ya kiuno na mabega, akaondoka nayo.

Mwenyezi Mungu awape waume wema na ndoa zenye utulivu, na atusamehe haki za watu tulizozila bila kujua. Amin.