Kabla ya Kushuka Malindi



Likizo imekaribia, na baadhi ya familia zetu zinajiandaa kushuka Malindi na Watamu. Tungependa kuzungumzia bahari kabla ya hoteli. Sisi tuliolelewa bara huidhania ziwa kubwa tu. Kumbe hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele takribani dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupanda karibu mita 3. Mtoto aliyevuka kwa miguu hadi kwenye matumbawe saa nne asubuhi aweza kukuta njia ya kurudi imefunikwa saa saba. Basi muulizeni mvuvi saa za maji kila asubuhi. Jana si leo.

Kombe msiokote: hifadhi za bahari za huko, zilizoanzishwa mwaka 1968, zinakataza. Jua likipungua, kitembeleeni kikanisa cha Wareno. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alitua Malindi mwaka 1542 akielekea India. Na mjini, jifungeni kanga juu ya nguo za kuogelea. Wenyeji hawatawakemea, watainamisha macho tu.