Mdogo Wangu na Saa 24

Bi mkubwa alikuwa nasi hapa Bertrams, na daktari akautanguliza upasuaji wake: Jumatano asubuhi. Nikampigia mdogo wangu kule Unguja, mzamiaji wa majongoo ya pwani. Ilikuwa Jumanne adhuhuri, ndiyo kwanza ametoka majini. Akasema amekwisha pata ndege ya jioni ile ile. Nikamwambia asipande.

"Kaka, mimi mzima. Hata kichwa hakiniumi."

Hapo ndipo penye mtego. Kwenye kina cha mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa ufukweni. Naitrojeni, karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta, huyeyuka katika damu na kupenya kwenye tishu. Lakini tishu hazifanani. Ubongo, wenye damu nyingi, hujaa upesi na kutoa upesi. Mafuta na gegedu za viungo hupokea polepole, kisha hung'ang'ania. Ukifukiza udi, mtandio hushika harufu mara moja na jioni imekwisha. Blanketi likikaa juu ya moshi, utalisikia hadi kesho kutwa. John Scott Haldane, mwanasayansi wa Uskoti, aliliwekea jambo hili hesabu mwaka 1908 baada ya kuwajaribu mbuzi: kundi jepesi la tishu hufika nusu ya shehena yake kwa dakika 5, zito kwa 75. Hesabu za leo zina makundi mazito zaidi, ya saa kadhaa.

Na mdogo wangu alikuwa amezama siku nne mfululizo. Ndani ya ndege hewa huweza kupungua kama uko mlimani, mita 2,400. Johannesburg yenyewe iko kama mita 1,750 juu ya bahari (maharage yetu huku yanakula gesi hasa). Mgandamizo ukishuka ghafla, naitrojeni iliyobaki hutoka kwa mapovu, na yakikaa kwenye uti wa mgongo mtu hupooza. Ushauri kwa aliyezama mara nyingi ni asubiri angalau saa 18. Wengi huhesabu 24.

"Bi mkubwa anapasuliwa, wewe waniletea hesabu!" Akakata simu.

Lakini alisubiri. Bi mkubwa aliingia chumba cha upasuaji akimuulizia. Alifika Alhamisi, akamkuta ameamka, anakunywa uji. Mimi hakunisalimia mpaka usiku. Pesa ya kubadilisha tiketi nililipa mimi, na hadi leo hatujaizungumza.