Mtoto wa Jicho na Ganda Lake

Sisi tuliolelewa Mbozi twamkumbuka babu yetu na miwani yake mizito. Alipasuliwa mtoto wa jicho zamani, na kioo cha jicho kikatolewa chote pamoja na ganda lake. Miwani ile ndiyo iliyokuwa macho yake; siku ilipoanguka mawe-ni ikavunjika, alirudi kushikwa mkono kama kwanza, hata tulipompatia nyingine.

Kwa hiyo, macho ya mama yetu yalipoingia weupe huko Tunduma, alikataa kupasuliwa. Alisema, "Wanangu, afadhali giza nililolizoea." Nasi kwa ujinga wetu tukamwambia angoje, mtoto wa jicho akomae kwanza. Tulikosa. Aachwaye mno huwa mgumu, na kumtoa kuna hatari zaidi.

Mwishowe tulimpeleka kwa daktari, naye akatueleza kwa mfano wa kahawa. Mtu akiminya tunda lililoiva, punje huchomoka, ganda likabaki vidoleni. Vivyo hivyo daktari hukata mlango wa mviringo upande wa mbele wa ganda la kioo cha jicho, akatoa kiini kilichoingia ukungu, na upande wa nyuma akauacha mzima. Unene wake haufikii hata sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Ukipasuka, ute wa ndani ya jicho waweza kutoka mbele, na kioo kipya kikakosa pa kukaa. Ukihifadhiwa, ganda hukishika kioo hicho mahali pake siku zote.

Harold Ridley wa London alianza kuweka kioo cha namna hiyo mwaka 1949, na waganga wengi wakampinga miaka mingi. Babu yetu hakukipata.

Mama alipofunguliwa kitambaa, alimtazama mjukuu wake kitambo, kisha akauliza, "Nani kakuvika shati lisilo na kifungo?" Sisi wenye macho hatukuwa tumekiona kifungo kile kilichopotea. Twamshukuru Mungu. Miwani ya kusomea Biblia anaihitaji bado, lakini ikivunjika hatarudi gizani.

Basi, ndugu wasomaji, mzee wenu akianza kupapasa ukuta, msimwambie angoje kama tulivyosema sisi. Mpelekeni kwa daktari wa macho mapema.